Kanuni Zilizoshuka Mlimani

Byrness ni kijiji kidogo kilichoko juu kabisa ya bonde la Redesdale, kaskazini mwa England, mwendo mfupi kabla hujavuka mpaka kuingia Scotland. Ukipita kwa gari utaona kanisa dogo, nyumba chache, msitu wa misonobari ya kupandwa, halafu vilima vya nyasi ngumu na kondoo waliotawanyika. Hapa ndipo yalipofanyika, mwaka 1876, mashindano ya kwanza ya mbwa wachungaji katika ardhi ya England. Mshindi aliitwa Walter Telfer na mbwa wake aliitwa Tommy. Miaka 17 baadaye, West Woodburn, chini kidogo ya bonde hili hili, mfugaji mwingine wa jina hilo, Adam Telfer, alizalisha mbwa aliyeitwa Hemp, na damu ya Hemp imo leo katika karibu kila Border Collie anayechunga popote duniani.

Mimi ni mtu wa Hanang, Tanzania. Nimekua nikichunga, maisha yakanileta kwenye bonde hili, na kazi yangu mpaka leo ni kondoo. Mashindano yanapofika napangwa mwisho wa uwanja, kule juu kwenye zizi la kutolea. Tunawatoa kondoo wanne au watano kwa zamu, tunawatuliza kwenye alama yao, kisha tunajisogeza pembeni tusimbabaishe mbwa anayekuja. Watazamaji wako chini kabisa, pamoja na mwamuzi, chai na keki. Wao wanamtazama mbwa. Sisi tunawatazama kondoo, na kwa sababu hiyo nimefikia kuamini jambo ambalo wapenzi wengi wa mbwa hulipita haraka: kanuni za mashindano haya zilitungwa na watu ambao mali yao ilikuwa kondoo. Kila alama inayokatwa uwanjani ina hasara yake nyuma, ya nyama, ya sufu au ya mimba, na kuna mtu aliyewahi kuibeba hasara hiyo.

Kwetu mbwa hakusanyi mifugo. Kazi yake ni usiku: fisi akisogelea boma, abweke, watu waamke. Mchana anafuatana na watoto wachungaji, lakini kumrudisha kondoo aliyepotoka ni kazi ya mtoto, kwa fimbo na mluzi. Sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa hivyo, na milimani kwingine bado iko hivyo. Mbwa mkubwa hulala katikati ya kundi kulilinda na mbwa mwitu. Ila katika kisiwa cha Uingereza mbwa mwitu walikwisha karne nyingi zilizopita. Mlinzi akakosa adui. Kilichobaki ni tatizo lingine kabisa: kilima kipana kisicho na uzio, mchungaji mmoja, na mamia ya kondoo ambao kila mmoja anajua upande wake wa kilima kwa sababu alifundishwa na mama yake. Kondoo hao hawahitaji kuchungwa kila siku. Wanahitaji kushushwa mara chache kwa mwaka: kunyolewa sufu, kuogeshwa dawa, kuachishwa wana wao, kuchaguliwa wa kuuza. Na sehemu ya kazi hiyo huangukia majira ya baridi, wakati majike wana mimba. Ukimkimbiza jike wa namna hiyo mlimani kwenye theluji, ukamsukuma mtaroni au ukamfanya agongane na wenzake langoni, utakutana na hasara yako mwezi wa nne, mwanakondoo akizaliwa mfu.

Kwa hiyo mbwa aliyehitajika alikuwa wa aina ya pekee: aende mbali asikoonekana, awe na mamlaka ya kumwondoa kondoo mahali pake, na ayafanye yote hayo bila ghasia. James Hogg, mshairi wa Scotland aliyekuwa mchungaji kabla ya kujulikana kwa maandishi, na ambaye alifariki mwaka 1835, alisimulia habari ya mbwa wake Sirrah, aliyekusanya usiku wa manane wanakondoo wapatao 700 waliokuwa wamekatika makundi matatu na kutokomea vilimani. Nimekutana na wachungaji wanaoisimulia habari hiyo kana kwamba ilitokea juzi kwa jirani yao. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Wanakondoo walioachishwa tu maziwa, gizani, ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Mashindano yenyewe, kwa upande wa Uingereza, yalianza Wales. Tarehe 9 Oktoba 1873, mahali paitwapo Garth Goch karibu na mji wa Bala, mwenye ardhi aitwaye Richard John Lloyd Price wa Rhiwlas aliwaita wenye mbwa waje washindane. Walikuja mbwa 10 na watazamaji wapatao 300. Aliyeshinda alikuwa Mskoti aitwaye Thomson, aliyekuwa akiishi Wales, na kambwa kake Tweed, kadogo, keusi kenye rangi ya hudhurungi. Watu wa Wales walishindwa nyumbani kwao mbele ya macho yao. Lloyd Price alikuwa mtu wa mipango mingi. Ndiye pia aliyejenga kiwanda cha wiski pale Frongoch, jirani na Bala, kiwanda kilichofilisika na ambacho majengo yake mwaka 1916 yaligeuzwa kambi ya kuwafungia Waairishi walioasi Dublin. Lakini mashindano yake hayakufa. Mwaka 1876, mwaka ule ule wa Byrness, aliwapeleka kondoo wa Wales hadi London, kwenye viwanja vya Alexandra Palace, ili watu wa mjini wakaone mbwa akiwatii binadamu na kondoo wakimtii mbwa.

Haki itendeke: Wales haikuwa ya kwanza duniani. Kumbukumbu za New Zealand zinaonyesha mashindano ya namna hiyo Wanaka mwaka 1867. Nitarudi New Zealand baadaye, maana kule kanuni zilichukua njia yao.

Mwaka 1873, mwaka wa mashindano ya Bala, ndio pia chama cha mbwa wa maonyesho, Kennel Club, kilipoundwa London. Naona umuhimu mkubwa katika kukutana kwa matukio haya mawili, kwa sababu tangu hapo zimekuwepo namna mbili za kumpima mbwa. Kwenye maonyesho mbwa anapimwa kwa sura: masikio, rangi, urefu wa mguu, manyoya. Kwenye uwanja wa kondoo hakuna anayeuliza rangi. Chama cha kimataifa cha mbwa wachungaji, International Sheep Dog Society, kilichoundwa Haddington, Scotland, mwaka 1906, mpaka leo kinaweza kumwandikisha mbwa asiyejulikana wazazi wake, mradi aonyeshe kwa vitendo mbele ya waamuzi kwamba kazi anaiweza. Katika ulimwengu wa mbwa wa ukoo jambo hilo ni nadra, na kwangu ni la heshima. Kennel Club yenyewe ilisubiri mpaka mwaka 1976 kumtambua Border Collie kama mbwa wa maonyesho, na wachungaji wengi hawakufurahi. Waliogopa kwamba mbwa atapendezeshwa mpaka asahau kazi.

Sasa turudi kwa Hemp, maana bila yeye kanuni hazieleweki. Alizaliwa Septemba 1893 na akafa Mei 1901, umri mfupi hata kwa mbwa. Baba yake, Roy, alikuwa mchangamfu, mpenda watu, asiye na nguvu kubwa ya macho. Mama yake, Meg, alikuwa na haya, na jicho lake kwa kondoo lilikuwa kali mno. Katika Hemp sifa hizo mbili zilikutana kwa kipimo ambacho Adam Telfer hakuwahi kukiona kabla. Mbwa wengi wa zama zile walichunga kwa kelele na kwa meno. Hemp alifanya kazi kimya. Aliinama, akakaza macho, akasogea, na kondoo wakaondoka wakitembea. Inasemekana aliacha watoto zaidi ya 200, kwa kuwa kila mfugaji aliyemwona alitaka uzao wake. Sababu iko wazi: kondoo waliochungwa na mbwa wa namna ile walifika nyumbani na nyama zao.

Watu walioketi Haddington mwaka 1906 walikuwa wamekwisha kumwona Hemp na wanawe. Mbwa waliyemweka akilini walipopima kazi njema alikuwa yeye. Wales walijiunga na chama mwaka 1922, na kuanzia hapo mataifa yakawa yanachagua mbwa wake kabla ya kukutana kwenye fainali kuu. Katibu wa chama kwa miaka mingi alikuwa James Reid, wakili wa Airdrie, na ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kutumia jina la Border Collie.

Mwamuzi wa leo ana alama 100 mkononi. Zimegawanywa hivi: 20 za kuzunguka, 10 za kuwaondoa kondoo mahali pao, 20 za kuleta, 30 za kuswaga, 10 za kutenga na 10 za kuingiza zizini. Mwamuzi haongezi chochote. Anaanza na alama zote na kukata kila anapoona kosa, kwa hiyo kila mbwa huanza akiwa mkamilifu, na dakika 15 zinazofuata ni za kuona ukamilifu huo utapungua kiasi gani.

Mwenye mbwa husimama kwenye nguzo. Haruhusiwi kuiacha mpaka sehemu ya kuswaga imekwisha. Kondoo wako mbali, kwenye mashindano ya taifa ni takriban mita 365. Mbwa anatumwa kulia au kushoto, naye anatakiwa achore mzunguko mpana, unaofunguka kadiri anavyokaribia, mpaka atokee nyuma yao. Asikate katikati, kati ya mwenyewe na kondoo. Akikata, alama zinaondoka kwa wingi. Ukiuliza kwa nini, mchungaji atakuonyesha kilima: mbwa akienda moja kwa moja, kondoo wanamwona mapema, wanakimbilia juu, wanaruka ukuta wa mawe na kuingia kwa jirani. Siku nzima imepotea. Vilevile, ukilazimika kumpigia mluzi njiani ili kumrekebisha, unakatwa. Mlimani kuna ukungu, kuna mabonde ambamo mbwa haonekani wala hakusikii. Anayehitaji kuelekezwa kila hatua hafai kutumwa mahali ambapo macho yako hayafiki.

Sehemu inayofuata naiona kwa karibu kuliko mtu yeyote uwanjani, kwa sababu hutokea hatua chache kutoka tunapojibanza. Ni zile alama 10 za kuwaondoa kondoo mahali pao. Chukua majike wanne weusi uso, wa aina ya Blackface. Wanakula majani tuliyowamwagia. Mmoja anainua kichwa. Masikio yanasimama. Anapiga chini kwa kwato ya mbele, mara moja, na hapo wenzake watatu wanaacha kula. Bado mimi sijamwona mbwa, wao wamemwona. Akitokea nyuma kwa kasi, wanne hao wanaruka kila mmoja upande wake, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa uwanja hawatamwamini tena. Akisita, akalala chini mbali mno, jike yule mwenye kiburi anageuka kumkabili, na kila sekunde inayopita inamwongezea kiburi. Mbwa mzuri hupunguza mwendo bila kuambiwa. Anasimama kidogo. Anasogea hatua moja, mbili, kichwa chini, na jike anapima, anapumua kwa nguvu puani, kisha anageuza shingo na kuanza kutembea upande ule ambao mbwa anataka. Wenzake wanafuata. Hakuna aliyekimbia. Jambo lote limechukua muda wa kuvuta pumzi mara chache, na mwamuzi, aliye mbali chini, amelisoma kwa kutazama migongo ya kondoo tu. Mzee mmoja wa hapa, aliyechunga maisha yake yote, aliniambia kwamba akikosa nafasi ya kuona mengine yote, aonyeshwe hiyo peke yake na atakutajia mshindi. Nimefanya kazi kule juu vya kutosha kukubaliana naye.

Kuleta ni mstari ulionyooka, kupitia kati ya malango mawili yaliyoachana mita sita na kitu. Kondoo wasipite pembeni, wasiyumbe, wasisimamishwe mara kwa mara. Hilo halihitaji maelezo marefu. Kondoo anayetembea mwendo wake kwa mstari mfupi ndiye anayechoka kidogo. Kuswaga ndiko kunakobeba alama nyingi, 30, na ndiko kunakopingana zaidi na asili ya mbwa. Silika inamwambia amletee bwana wake. Sasa anaambiwa awaondoe kondoo, awapeleke mbali, apite lango moja, akate uwanja kwa upana, apite lango la pili, na bwana yuko nyuma yake muda wote. Wachungaji waliipa kazi hii uzito mkubwa kwa sababu nusu ya kazi ya mlimani ni kurudisha. Kondoo akishanyolewa au kupewa dawa, lazima apandishwe kilimani kwake, na mbwa anayejua kuleta tu amekuachia mzigo huo utembee nao mwenyewe.

Kutenga hufanyika ndani ya duara la upana wa mita 36 hivi. Hapo mwenye mbwa ameacha nguzo na anafanya kazi pamoja na mbwa wake uso kwa uso. Anafungua mwanya kati ya kondoo, anamwita mbwa, naye aje ndani ya mwanya ule moja kwa moja na kuwashikilia wale waliotengwa. Hii ni kazi ya kila siku ya mfugaji: kumtoa aliye kilema, au kondoo wa jirani aliyejichanganya. Halafu zizi, na lango lake lenye kamba ya futi 6. Mwenye mbwa anaishika kamba na haiachii. Hagusi kondoo, wala hampigi kwa lango. Anayemgusa kondoo kwa mkono amekiri kwamba mbwa wake hakutosha.

Kisha kuna kosa lisilo na mjadala. Mbwa akimng'ata kondoo bila sababu, mwamuzi anamtoa uwanjani papo hapo, hata kama kabla ya hapo hakukatwa alama hata moja. Watazamaji wageni hulalamika kwamba ni ukali kupita kiasi. Mimi nimeona jeraha la jino kwenye paja la kondoo wakati wa joto, inzi wakishafika na mabuu yakishaanza kula. Sina huruma kwenye kanuni hiyo.

Fainali kuu ina jaribio ambalo kwangu ndilo kilele cha yote yaliyotungwa Haddington na baada yake. Kondoo ni 20, katika makundi mawili ya 10 yasiyoonana. Mbwa anatumwa umbali unaofika takriban mita 730, analileta kundi la kwanza mpaka mahali maalumu, kisha anaamriwa aliache. Aliache! Ageuke nyuma, arudi mlimani kutafuta kundi ambalo hajaliona, kwa kumwamini tu binadamu anayepiga mluzi kutoka mbali. Makundi yakishaungana na kuswagwa, kazi ya kutenga inaanza: kondoo watano wamevikwa ukosi mwekundu, 15 hawana kitu, na hao 15 lazima waondolewe mpaka wabaki watano wenye ukosi, ndipo waingizwe zizini. Muda ni dakika 30. Mchungaji J. M. Wilson wa Scotland alishinda fainali hiyo mara tisa, na nadhani hakuna binadamu atakayeifikia idadi hiyo. Mwaka 1965 alishinda Jock Richardson na mbwa wake Wiston Cap, ambaye naye, kama Hemp, alitafutwa na kila mwenye mbwa jike. Mashindano ya kwanza ya dunia yalipofanyika mwaka 2002 yalipelekwa Bala, na safari hii Wales haikushindwa nyumbani: alishinda Aled Owen, Mwelshi, na mbwa wake Bob.

Nilisema nitarudi New Zealand. Vilima vya kule ni virefu na vya mteremko mkali, makundi ni ya maelfu, na jicho la kimya peke yake halifiki. Wafugaji walizalisha mbwa anayebweka kwa makusudi, anayesimama chini na kulisukuma kundi juu kwa sauti, na mashindano yao yana madaraja ya mbwa huyo: mmoja anapandisha kondoo kwa mstari ulionyooka, mwingine kwa mwendo wa kwenda kulia na kushoto. Jambo ambalo Redesdale lingekugharimu alama, kule ndilo linalotafutwa. Australia nako hutumia kondoo watatu tu, Merino wepesi wa kukasirika, na mbwa lazima awapitishe kwenye ujia mwembamba, juu ya daraja na mpaka zizini, kwa kuwa maisha ya kondoo wa Australia ni ya kupitishwa kwenye ujia na kupakiwa.

Marekani ndiko kanuni zilikobanwa zaidi na maisha ya ranchi. Magharibi ya nchi ile ng'ombe alitangulia kondoo kwa heshima, na ng'ombe mwenye ndama hamwogopi mbwa mwenye macho makali, anamshambulia. Mbwa asiyejua kung'ata atauawa. Kwa hiyo kwenye mashindano ya ng'ombe, mbwa anaruhusiwa kuuma, ila kwa mahali na kwa kiasi: puani, ng'ombe anapomkabili, au chini ya mguu wa nyuma, anapogoma kwenda, kisha aachie mara moja. Anayening'inia mkiani au kuuma tumboni anakatwa alama au kutolewa. Ukitazama haraka utadhani kanuni imegeuzwa kinyume. Ukimtazama mnyama, kanuni ni ile ile: tumia nguvu ndogo kabisa inayotosha. Kwa jike wa kondoo nguvu hiyo ni jicho. Kwa ng'ombe wa kilo 500 ni jino moja, mahali pasipoharibika nyama.

Chama cha mbwa wa Australian Shepherd, ASCA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1957 (mbwa huyo, licha ya jina lake, alikuzwa kwenye ranchi za magharibi ya Marekani), kina kanuni za mashindano yanayofanyika kwenye ranchi yenyewe. Mwenyeji hapangi malango ya maonyesho katikati ya kiwanja kilichokatwa nyasi; mbwa anapewa kazi za kawaida za pale, kama kutoa mifugo malishoni, kuipitisha malangoni au kuitenga. Nazipenda kanuni za aina hiyo kwa sababu zinajibu lawama ambayo imekuwa ikikua kwa miaka mingi hata huku kwetu bondeni. Wapo wafugaji wanaosema mbwa wa mashindano wamekuwa watumwa wa mluzi: wanajua kunyoosha mstari, lakini ukiwapeleka kwenye kundi la majike 300 mlangoni mwa zizi la kunyolea, wanasimama wakingoja amri. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ingawa si kwa mbwa wote. Kondoo watano walionyamaza wanamfundisha mbwa umakini. Hawamfundishi la kufanya jike mmoja anapoziba lango na mia wengine wanasukumana nyuma yake. Mtu akifunza kwa ajili ya uwanja tu, mwishowe anazalisha mbwa wa uwanja.

Kwa upande mwingine, Meeker, Colorado, ambako mashindano makubwa yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1987, wameliendea tatizo hilo kwa kuchagua kondoo. Wanaleta majike kutoka malisho ya wazi, juu milimani, wasiozoea kukabiliwa na mbwa mmoja peke yake. Mabingwa wenye mbwa waliofunzwa kwa amri za kila hatua hufika pale na kushindwa kuwasogeza kondoo hao hata kuondoka kwenye alama yao. Watu wa zizi la kutolea wa Meeker lazima wawe wanajua mengi.

Huwa nafikiria ingekuwaje Hanang. Kondoo wetu ni wa mkia mnene, wenye manyoya mafupi, na hawawezi kukimbizwa kwenye jua la saa sita mchana bila madhara. Kwa hiyo mashindano yangeanza alfajiri na kwisha kabla ya saa nne, na muda wa kila mbwa ungekuwa mrefu zaidi ya dakika 15, ili asiwepo wa kumharakisha mnyama. Malango ya mbao yasingehitajika. Pangekuwa na njia ya mifugo kati ya mashamba mawili ya mahindi, na kondoo hata mmoja akiingiza mdomo kwenye hindi la mtu, mbwa anatoka, kwa kuwa kesi ya namna hiyo kwetu hufika kwa mtendaji wa kijiji. Pangekuwa na zamu ya kunyweshea, kundi lisimamishwe mbali na birika mpaka kundi lililotangulia limalize. Kutenga kungefanywa kwa alama za masikio. Na mwamuzi mmoja angekuwa mama wa boma, maana kwa macho yangu mwenyewe nimeona kina mama wakitambua kwa kutazama tu tumbo kwamba kondoo alikimbizwa njiani.

Lililonishinda kupanga ni mbuzi. Kwetu wanachungwa pamoja na kondoo, na mbuzi ndiye anayetangulia. Mbwa wa huku, akimkaribia kwa jicho la Hemp, mbuzi anageuka na kuinamisha pembe, au anapanda juu ya jiwe na kutulia hapo. Pengine ingeruhusiwa mbwa amwache mbuzi aongoze, yeye afuate nyuma na kuziba mianya tu, alama zikatwe pale mbuzi anapoachana na kundi. Nimemweleza mpango huu yule mzee. Alitaka kwanza kujua mbuzi wetu wana uzito gani.